Programu mbili hazielewani, na kila muuzaji anasema kwake shwari

Hoteli ya vyumba 20 pwani ya Paje au Kiwengwa haiendeshwi na programu moja. Ipo ya mapokezi inayoshika vyumba na bili za wageni, ipo ya baa na mgahawa, ipo inayoleta buking kutoka mitandao ya usafiri, ipo ya uhasibu, zipo kadi za kufungulia milango, na juu ya yote ipo risiti ya kodi ambayo lazima itoke. Kila moja imeuzwa na mtu wake: mmoja yuko Dar es Salaam, mwengine Nairobi, mwengine India, na yule wa kadi za milango simu yake haipokelewi tena. Duka la jumla la Chake Chake lina mifumo michache zaidi, lakini hali ni hiyo hiyo.

Mifumo ikiacha kuelewana, jibu la kwanza la kila muuzaji linajulikana: "Upande wetu uko sawa, waulizeni wale." Mara nyingi hasemi uongo. Ameangalia upande wake, na upande wake kweli uko sawa. Hitilafu ya mifumo miwili hukaa kwenye maungio, na maungio hayana mwenyewe. Wewe uliye mbele ya mashine ndiye pekee unayeziona pande zote mbili, kwa hiyo kazi ya kuwaonyesha wote wawili jambo moja, la sekunde moja, ni yako.

Kabla ya kugusa chochote

Kama ilikuwa ikifanya kazi jana na leo haifanyi, kuna kilichobadilika. Mwulize aliyekuwa zamu, na usimwulize "umegusa nini?", kwa sababu atajibu hajagusa kitu. Uliza: umeme ulikatika? Mashine ilijizima na kuwaka yenyewe? Kuna bidhaa au mgeni mpya aliyeingizwa? Ruta ilibadilishwa? Kuna aliyebadili nenosiri? Kisha fungua historia ya masasisho ya Windows uone kilichoingia usiku.

Andika matoleo ya kila kitu kabla hujayasahau: toleo la Windows (bonyeza Windows+R, andika winver), toleo la kila programu hadi tarakimu ya mwisho, aina na toleo la hifadhidata, toleo la draiva, na kama programu ni ya biti 32 au 64. "Toleo jipya" si toleo. Muuzaji akiambiwa "tuna toleo jipya" itamlazimu aulize tena, na siku moja imekwenda.

Chukua nakala ya hifadhidata na uiweke nje ya mashine hiyo. Baadaye, chini ya shinikizo la wageni waliosimama mapokezi, mtu atasema "jaribu kuiondoa uiweke tena", na hapo ndipo data za miaka mitatu hupotea.

Mwisho, tafuta muamala mmoja mdogo unaoshindwa kila mara. Soda moja, meza moja, malipo taslimu. Kosa linalotokea "mara mojamoja" halitatuliwi kwa simu. Kosa linalotokea ukiuza soda kwa meza namba 4 hutatuliwa siku hiyo hiyo.

Dalili: hakuna mawasiliano kabisa

Programu inasema haiwezi kufikia seva, au inazunguka kisha inakata. Fungua PowerShell kwenye mashine yenye tatizo, uandike:

Test-NetConnection jina-la-seva -Port 443

Badala ya jina-la-seva weka anuani ambayo programu inaitumia. Imo kwenye mipangilio yake au kwenye faili la kumbukumbu za programu. Angalia mstari wa TcpTestSucceeded.

Ukiwa False, ondoa mashine kwenye mtandao wa hoteli, iunge na hotspoti ya simu, ujaribu tena. Ikikataa na huko, ama programu ya kuzuia virusi ya mashine yenyewe inazuia, ama seva ya muuzaji imelala, ama amehamisha anuani, ama hapokei anuani ya hotspoti. Ikiwa si mashine yako, mpigie muuzaji huyo mmoja tu, usiwasumbue wote. Ikikubali kwenye hotspoti, kuna kitu kwenye mtandao wako kinachoizuia, mara nyingi ukuta wa moto wa ruta.

Kuna kisa cha kinyume chake ambacho huku visiwani hujirudia sana. Inafanya kazi wiki nzima, kisha inakataliwa kwa saa kadhaa, kisha inarudi yenyewe. Wauzaji wengi hufungua mlango kwa anuani moja tu ya IP ya mteja (namba inayoitambulisha laini yake kwenye intaneti). Hoteli ina laini kuu ya faiba na laini ya akiba ya 4G. Faiba ikikatika, ruta inahamia 4G bila mtu kujua, anuani inayoonekana nje inakuwa nyengine, na muuzaji anaona mgeni asiyemjua. Whatsapp inafanya kazi, barua pepe zinakwenda, kwa hiyo kila mtu anaapa kwamba intaneti ipo. Ipo kweli. Hakikisha kwa amri hii wakati wa tatizo na wakati wa uzima, ulinganishe:

curl https://api.ipify.org

Namba zikitofautiana, umeshapata. Kumwomba muuzaji aongeze anuani ya laini ya 4G hakusaidii, kwa kuwa mitandao ya simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anuani moja na huibadilisha wakati wowote. Omba mojawapo ya haya: anuani ya kudumu kwenye laini ya akiba pia, au VPN (njia ya siri ndani ya intaneti inayotokea kwenye anuani moja), au muuzaji atumie ufunguo na cheti badala ya anuani.

TcpTestSucceeded ikiwa True na programu bado inagoma, barabara iko wazi. Kinachogoma ni kupeana mikono (handshake), yaani mashine mbili kukubaliana jinsi ya kuzungumza kwa usalama. Angalia saa ya kompyuta kwanza. Tunasisitiza saa kwa sababu hukaguliwa mwisho na ndiyo nafuu kuliko vyote. Kompyuta iliyokaa bila umeme, na betri yake ya ubao mama imekufa (ile bapa ya CR2032, volti 3), huwaka ikiwa na tarehe ya miaka ya nyuma sana. Vyeti vyote vya usalama vinaonekana havijaanza kutumika, na mawasiliano yanakatwa. Windows hutoa kosa 0x80072F8F. Badilisha betri, weka tarehe, kisha kwa ruhusa ya msimamizi andika w32tm /resync. Kurekebisha saa bila kubadilisha betri ni kujipa miadi na tatizo lile lile umeme utakapokatika tena.

Saa ikiwa sawa, shuku umri wa mashine. TLS ni kanuni ya kuficha mawasiliano kwenye intaneti; matoleo yake ya 1.0 na 1.1 yalitangazwa rasmi kuwa hayafai Machi 2021, na seva nyingi leo hazipokei chini ya TLS 1.2. Windows 7 inaiweza TLS 1.2 lakini haiitumii yenyewe bila kusaidiwa: inahitaji sasisho KB3140245 pamoja na mabadiliko kwenye rejista (registry) ya Windows, inamokaa mipangilio yake. Programu zilizoandikwa kwa .NET (maktaba za Microsoft) za zamani nazo huhitaji thamani ya SchUseStrongCrypto iwe 1, chini ya HKLM\SOFTWARE\Microsoft\.NETFramework\v4.0.30319, na tena chini ya Wow6432Node kwa programu za biti 32. Watu huweka ya kwanza, husahau ya pili, kisha husema haikusaidia.

Kipimo cha haraka: andika curl.exe -v ukifuatiwa na anuani kamili ya huduma. Curl ikipata jibu na programu haipati, mtandao na Windows havina kosa. Maktaba ndani ya programu ndiyo iliyochakaa, na mwenye kuibadilisha ni muuzaji wa programu hiyo peke yake. Huo ni ushahidi. Mtumie.

Windows 7 iliacha kuhudumiwa Januari 2020, na Windows 10 Oktoba 2025. Kuibembeleza mashine ya Windows 7 iendelee kuzungumza na huduma za leo kunawezekana kwa muda, lakini kila mwaka kitu kimoja zaidi kinakatika. Chrome, kwa mfano, ilikomea toleo 109 kwenye Windows 7. Mashine ya risiti isiwe ndiyo kongwe kuliko zote hotelini, ingawa kawaida ndivyo ilivyo.

Dalili: wanawasiliana, lakini mmoja anakataa

Hapa kuna jibu lenye namba, na namba hiyo ndiyo inayokwambia umpigie nani. 401 ni ufunguo au nenosiri baya, au limekwisha muda. 403 ni kwamba umejulikana lakini huruhusiwi, mara nyingi ile habari ya IP. 404 ni anuani iliyohamishwa, hasa baada ya muuzaji kufunga toleo la zamani la API (mlango ambao programu nyengine huzungumza nayo). 429 ni kwamba unatuma maombi mengi mno kwa dakika. Zinazoanza na 5 ni za upande wa anayepokea. Chukua saa kamili ya tukio umpelekee yeye. Kwa 502 na 504 mwulize pia kama kuna kituo cha kati, maana mara nyingi seva yenyewe ni nzima na kilichokwama ni kilicho mbele yake.

400 ndiyo yenye ugomvi. Maana yake ni "ulichotuma sikielewi", na hapo mtumaji anasema ametuma sawasawa na mpokeaji anasema amepokea takataka. Usikubali maelezo ya mdomo. Omba mwili wa ujumbe wenyewe, kutoka kwa mtumaji kama ulivyotoka na kutoka kwa mpokeaji kama ulivyofika, uviweke sambamba.

Mfano wa karibu. Mteja mpya anaandikishwa na bili yake haipiti. Wateja wengine wote wanapita. Anuani yake ni Jang'ombe. Ile alama ya juu katika ng' ndiyo ambayo programu iliyoandikwa ovyo huitumia kufungia maandishi ndani ya amri ya hifadhidata. Ikiikuta katikati ya jina, inadhani maandishi yamekwisha, na kilichobaki, ombe, kinakuwa amri isiyo na maana. Badilisha anuani iwe Kikwajuni, bili inapita. Ukiona hivyo, hujapata kosa la kuudhi tu. Umepata tundu la usalama, kwa sababu programu inayovunjwa na Jang'ombe inaweza kuvunjwa makusudi na mtu mwenye nia mbaya. Mwandikie muuzaji kwa maneno hayo hayo na usikubali dawa ya "andikeni bila alama". Mji wenye Ng'ambo hauwezi kuishi bila alama hiyo.

Ndugu yake ni alama iliyopinda, ile ambayo simu na Word huiweka zenyewe. Inapita, lakini upande wa pili inasomeka Ngâ€™ambo. Mgeni Mjerumani Müller anakuwa MÃ¼ller kwenye bili. Sababu ni moja: mtumaji ameandika kwa UTF-8, mpokeaji anasoma kwa Windows-1252, na hizo ni njia mbili tofauti za kugeuza herufi kuwa namba (usimbaji). Waulize wote wawili swali moja tu, "mnatuma na kusoma kwa usimbaji gani?", na mwenye kujibu "wa kawaida" ndiye wa kuanza naye.

Kuna kukataliwa kwengine ambako si kosa la ufundi hata kidogo. Programu ya mauzo imenunuliwa Dar, imeunganishwa na mfumo wa risiti wa TRA, na inafanya kazi vizuri huko. Imeletwa Unguja na mwenye duka anashangaa. Zanzibar risiti ya VAT inasimamiwa na ZRA, mamlaka ya mapato ya Zanzibar iliyokuwa ZRB, kupitia mfumo wake wa VFMS. TRA inabaki na kodi ya mapato na forodha. Ni milango miwili tofauti, yenye namba za usajili tofauti. Hakuna mpangilio wa kubofya utakaogeuza kimoja kuwa kingine. Muuzaji lazima awe ameandika muunganisho wa Zanzibar. Muulize kabla ya kulipa, na mwambie akuonyeshe risiti iliyokwisha kutoka.

Angalia pia kama ufunguo uliopewa ni wa majaribio au wa kazi. Kila mwenye API makini ana mazingira mawili, na fundi aliyefunga mfumo Ijumaa jioni akikimbilia boti hupenda kuacha ule wa majaribio. Kila kitu kitaonekana kinapita, na hakuna kitakachofika.

Dalili: inapita, lakini hesabu haziafikiani

Hii ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu hakuna kosa linalojitokeza. Hugunduliwa mwisho wa mwezi, na mhasibu.

Tofauti ikiwa kwenye tarehe, shuku saa za dunia. Sisi tuko UTC+3, yaani saa tatu mbele ya UTC, saa ya marejeo ya dunia, bila kupeleka saa mbele wala nyuma mwaka mzima. Bili ya baa ya saa 01:30 usiku wa tarehe 1, ikitumwa kwa UTC, ni 22:30 ya tarehe 31. Mfumo wa baa unaiweka mwezi huu, wa uhasibu mwezi uliopita. Dalili yake ni safi: mauzo ya mchana yanaafikiana, ya kati ya saa 00:00 na 03:00 yanakosana. Dawa ni muda uandikwe na alama yake, 2026-01-01T01:30:00+03:00, na si muda mtupu. Kwa hoteli kuna tanzu nyengine: siku ya hoteli haifungwi usiku wa manane bali mkaguzi wa usiku anapofunga hesabu. Wauzaji wawili wakubaliane kwa maandishi siku inafungwa na nani.

Tofauti ikiwa shilingi moja moja, shuku kukadiria. Chukua bili ya vitu vitatu, kila kimoja 3,500 kodi ikiwa ndani, kwa kiwango cha asilimia 15. Ukikokotoa kila mstari: 3,500 × 15 ÷ 115 ni 456.52, inakuwa 457. Mara tatu ni 1,371. Ukikokotoa jumla: 10,500 × 15 ÷ 115 ni 1,369.57, inakuwa 1,370. Wote wawili wamehesabu sawa, na hawaafikiani. Mfumo mkali utaikataa bili nzima kwa shilingi hiyo moja. Anayepokea risiti ya kodi ndiye mwenye kanuni. Muuzaji wa mauzo afuate njia yake, na si kinyume chake.

Tofauti ikiwa mara mia, mmoja anatuma senti. Kwa kiwango cha kimataifa cha sarafu shilingi ya Tanzania ina desimali mbili, ingawa senti hazionekani sokoni, na mifumo mingi ya malipo hutaka kiasi kwa sehemu ndogo kabisa. 50,000 inatumwa 5000000. Asiyejua anaipokea kama milioni tano. Tofauti ikiwa mara elfu, tazama mipangilio ya lugha na eneo ya Windows: kompyuta iliyowekwa Kiitalia au Kijerumani husoma 1.250 kama elfu moja mia mbili na hamsini, na ile ya Kiingereza huisoma kama moja na robo.

Kwa bili za dola, jambo ni moja: kiwango cha kubadilisha kinatoka mfumo gani, na kinashikwa saa ngapi? Kama kila mfumo una chake, havitaafikiana milele.

Namba za simu tupite haraka. Upande mmoja 0777, upande wa pili 255777, na Excel katikati ikiila ile sifuri ya mwanzo. Chagueni 255 pande zote.

Dalili: risiti mbili kwa malipo mamoja

Programu A imetuma, ikangoja sekunde 30, ikachoka, ikatuma tena. Programu B ilikuwa imeshapokea ya kwanza, intaneti ilikuwa nzito tu jibu likachelewa. Sasa zipo mbili. Hutokea jioni laini inapojaa, na hutokea Pemba na Unguja sawasawa.

Kuongeza muda wa kungoja hadi sekunde 90 kunapunguza, hakuondoi. Dawa ni kila muamala uwe na namba yake ya kipekee inayotolewa na mtumaji mara moja tu, na mpokeaji akiona namba ile ile arudishe jibu la kwanza badala ya kuandika upya. Hili linahitaji wauzaji wote wawili wafanye kazi. Mmoja peke yake hawezi. Waulize waziwazi: "Mkituma tena, namba inabaki ile ile au inabadilika?" Na kwa mwengine: "Mkipokea namba mliyokwisha kuipokea mnafanya nini?"

Dalili: programu yenyewe haifunguki au haioni hifadhidata

0xc000007b wakati wa kufungua: biti 32 na 64 zimechanganyika. VCRUNTIME140.dll haipo: weka kifurushi cha Visual C++ cha 2015 hadi 2022, na weka x86 na x64 vyote viwili.

ODBC (kiunganishi cha Windows kati ya programu na hifadhidata) ikilalamika kuhusu usanifu wa draiva na programu, umeunda muunganisho kwenye dirisha lisilo lake. La biti 64 liko C:\Windows\System32\odbcad32.exe na la biti 32 liko C:\Windows\SysWOW64\odbcad32.exe. Ndiyo, folda yenye 64 katika jina ndiyo ya 32. Usijilaumu.

Baada ya kupandisha MySQL hadi 8.0, programu ya zamani husema haiwezi kupakia caching_sha2_password, njia mpya ya kukagua nenosiri. Njia ya mkato ni kumrudisha mtumiaji kwenye mysql_native_password. Njia hiyo imezimwa katika 8.4 isipokuwa uiwashe, na imeondolewa kabisa katika 9.0, kwa hiyo unanunua muda tu. Omba draiva mpya kwa muuzaji.

SQL Server Express ilikuwa ikionekana, umeme ukakatika, haionekani tena: poti yake ni ya kubahatisha na imehama. Kwenye SQL Server Configuration Manager fungua TCP/IP, kisha IPAll, futa kilichomo kwenye TCP Dynamic Ports, andika 1433 kwenye TCP Port, uanzishe huduma upya. Printa ya mtandao nayo ni habari hiyo hiyo: ruta ikiwaka upya huipa anuani nyengine. Ipe ya kudumu. Poti yake kwa kawaida ni 9100. Na bei zikishuka mstari wa chini kwenye risiti, programu inahesabu herufi 48 kwa mstari na printa ina 42, au karatasi ni ya milimita 58 yenye herufi 32.

Kuwakutanisha wauzaji

Baada ya yote hayo unajua maungio yalipo. Sasa usimpigie mmoja kisha mwengine. Hapo ndipo mpira unaporushwa. Andika ujumbe mmoja, waweke wote wawili kwenye anuani, na namba za tiketi za kila mmoja ziwe kwenye kichwa cha habari. Uwe hivi:

"Assalam alaikum, mabwana. Bili namba 4471 imetoka mfumo wa mauzo (toleo 6.2.14) saa 13:42:07, UTC+3, tarehe 12, na imejibiwa 400. Mwili wa ujumbe uliotoka nimeuambatanisha, na jibu lililorudi pia. Bili 4470 na 4472 zimepita. Tofauti pekee niliyoiona ni jina la mteja. Bwana wa mauzo: tafadhali thibitisha kwamba hiki ndicho mlichotuma. Bwana wa risiti: tafadhali angalieni kumbukumbu za seva yenu kwa sekunde hiyo, mtuandikie mlichopokea. Nangoja majibu ya wote wawili hadi kesho saa 10:00, kisha tuzungumze sote watatu."

Angalia mambo mawili. Saa imeandikwa kwa mfumo wa saa 24, pamoja na sekunde na UTC+3. Ukiandika "saa 7 na dakika 42 mchana", fundi aliye India atatafuta saa 07:42 na atakwambia hakuna kitu. Na ujumbe haumlaumu mtu. Unampa kila mmoja jambo moja la kuthibitisha ambalo ni yeye tu awezaye. Muuzaji akishutumiwa huleta wakili. Akipewa kazi ndogo iliyo wazi huleta fundi.

Kabla ya kutuma, futa namba za pasipoti za wageni, namba za kadi, na funguo za API. Ufunguo uliokwenda kwenye barua pepe uhesabu umekwisha kuibiwa, uombe mwengine.

Mazungumzo ya watatu yasizidi dakika 45. Kila fundi awe na kumbukumbu zake wazi mbele yake, wewe utume ile soda moja, kila mmoja aseme anachokiona. Hapo "upande wetu uko sawa" haina pa kusimama. Ukiwafungulia kuingia kwa mbali kupitia AnyDesk au TeamViewer, toa nenosiri la mara moja, kaa mbele ya skrini, na ufunge wakimaliza.

Akikataa mmoja kuja, rudi kwenye mkataba. Kama hakuna kifungu kinachomtaka kushirikiana na wauzaji wengine, mkiongeza mkataba kiingizeni: ajibu ndani ya saa kadhaa, atoe kumbukumbu, na atoe taarifa ya siku 30 kabla ya kubadilisha API. Kwa programu za kampuni kubwa za nje, uliza kama ni wanachama wa TSANet, mtandao ambamo kampuni hupelekeana kesi za mteja wa pamoja. Wewe mteja huingii humo, lakini fundi wa msaada wa kampuni hiyo anaweza kuifungua kesi na kumfikia mwenzake moja kwa moja. Wengi hawafanyi hivyo mpaka waulizwe.

Rekebisho likija, lisiingie kwenye mashine ya kazi kwanza. Liweke kwenye kompyuta ya pembeni yenye nakala ya data, upitishe bili tano: mteja wa Jang'ombe, mgeni Müller, mauzo ya saa 01:30, bili ya dola, na bili ya vitu vitatu vya 3,500. Kisha kata kebo ya intaneti katikati ya bili ya sita, uirudishe baada ya dakika mbili, uhesabu risiti zilizotoka.